Makava ya reli za ngazi: Mnunuzi hutazama mng'aro, kasoro iko chini yake

MTEJA anayeingia katika duka la vifaa vya ujenzi, iwe Kariakoo au Gerezani jijini Dar es Salaam, akitaka kutengeneza reli ya ngazi za nyumba yake, huanza na bomba. Huuliza bei ya bomba la stenlesi la inchi mbili, huligonga kwa ukucha, hulitazama uso wake unavyong'aa kama kioo, kisha huanza kubishania bei. Baada ya bomba huja viungo vya kona, vifuniko vya ncha na mipira ya urembo. Makava ya miguu huja mwisho kabisa, pesa zikiwa zimepungua mfukoni, na mara nyingi huchukuliwa kama nyongeza tu.

Kava linalozungumzwa hapa ni lile duara, au wakati mwingine mraba, lenye tundu katikati, linalovishwa kwenye nguzo ya reli na kushushwa hadi sakafuni ili kuziba mahali nguzo inapoingia kwenye kipandio. Lipo pia dogo zaidi linalokaa juu, pale nguzo inapokutana na bomba la kushikia, na lingine la ukutani, ambako reli inaishia. Kazi yake kwa macho ni urembo. Kazi yake ya pili, ambayo haiandikwi kwenye boksi, ni kuficha. Na kinachofichwa ndicho kinachoamua kama reli hiyo itadumu miaka ishirini au itaanza kucheza kabla mwenye nyumba hajamaliza mwaka.

Kwa mfanyabiashara, kitu hiki ni kidogo lakini kina hesabu yake. Chukua nyumba ya ghorofa moja yenye kimo cha mita tatu toka sakafu hadi sakafu, ambayo huhitaji vipandio 16 hivi vya kukanyagia, kila kimoja kikiwa na kina cha sentimita 25. Kama reli ni ya nguzo chache nene zenye vyuma vinavyolala, nguzo moja kila baada ya mita moja, basi upande mmoja wa ngazi utachukua nguzo sita tu na makava sita ya chini. Lakini kama mwenye nyumba anataka nguzo nyembamba zilizosimama, mbili kwa kila kipandio, atahitaji nguzo 32. Na akitaka zifunikwe chini na juu, makava 64. Tofauti ya mtindo tu imelizidisha kava zaidi ya mara kumi.

Mtindo huo wa nguzo zilizosimama hauchaguliwi kwa urembo peke yake. Kanuni za ujenzi za Uingereza, ambazo wasanifu wengi wa Afrika Mashariki wamezoea kuzirejea, zinataka pengo kati ya nguzo na nguzo lisiruhusu mpira wa milimita 100 kupita, kwa sababu ya kichwa cha mtoto mdogo. Nguzo mbili za milimita 32 kwenye kipandio cha sentimita 25 huacha pengo la milimita 93, nazo zinafaulu. Reli ya vyuma vinavyolala inaweza kufaulu kipimo hicho pia, ila mtoto wa miaka mitatu huipanda kama ngazi. Mafundi wengi wanalijua hilo na bado wanaitengeneza, kwa kuwa ndiyo inayoombwa na wateja walioiona kwenye nyumba ya jirani.

Kwa uzito, kava ni karibu na si kitu. Kava bapa la bomba la inchi mbili, lenye upana wa milimita 105 na unene wa milimita 0.6, ukilipigia hesabu lina gramu 31. Elfu moja ni kilo 31, mzigo ambao mtu mmoja anaweza kuubeba begani. Ndiyo maana bidhaa hii husafiri vizuri katika makontena ya kuchangia kutoka China, ikijazwa kwenye nafasi zilizobaki kati ya mizigo mizito. Mji wa Foshan katika jimbo la Guangdong ni kitovu kikubwa cha kazi za stenlesi, na uko jirani kabisa na Guangzhou, ambako maonyesho makubwa ya biashara yamekuwa yakifanyika mara mbili kwa mwaka tangu 1957, Aprili na Oktoba. Mfanyabiashara anayekwenda kwa ajili ya mabomba hurudi na makava bila kupanga.

Hapo ndipo ubora hupotea njiani. Kitu kinachonunuliwa bila kupanga hakiulizwi maswali.

Zamani haikuwa na kava

Seremala wa pwani aliyechonga ngazi ya mvule hakuhitaji kava. Nguzo yake ilichongwa ulimi chini, kipandio kikatobolewa tundu la kiasi hicho hicho, na kiungo kikifungwa vizuri hakuna pengo la kufunika. Kava ni mtoto wa chuma na zege. Chuma hakiwezi kuchongwa kikakaa kwenye mti au zege bila kuacha ukingo, na kigae hakiwezi kukatwa duara safi kuzunguka bomba kwa mashine ya kawaida ya kukatia. Lazima pabaki mwanya, vumbi la saruji, alama nyeusi za kuchomelea na vichwa vya bolti.

Huko Marekani Kaskazini, ambako nyumba nyingi hujengwa kwa mbao, nguzo nyembamba za chuma za nusu inchi hutumbukizwa kwenye tundu lililotobolewa katika kipandio na kushikwa kwa gundi ngumu, kisha kifuniko cha chuma huteremshwa juu ya tundu hilo. Wao hukiita kiatu. Kipo kiatu bapa cha sakafuni na kipo kilichoinamishwa, kwa ajili ya kukaa chini ya mkono wa reli unaoshuka kwa mshazari. Hukazwa kwa skrubu ndogo isiyo na kichwa, ya ufunguo wa pembe sita. Jina hilo la kiatu linafaa kuliko la kava, kwa maana mguu ndio unaobeba mwili na kiatu huvaliwa tu.

Katika masoko yetu makava ya stenlesi ni ya aina kuu mbili. Lipo zima, ambalo ni lazima livishwe kwenye nguzo kabla nguzo haijachomelewa juu na chini. Lipo la vipande viwili vinavyokutana, ambalo linaweza kuwekwa hata kazi ikiwa imekwisha. La vipande viwili lina bei ya juu kidogo na mstari wa kiungo unaoonekana, kwa hiyo wengi hulikwepa. Matokeo yake yanajulikana kwa kila aliyesimamia jengo: fundi anachomelea nguzo zote, anazisugua hadi zinang'aa, ndipo anakumbuka kwamba makava yako kwenye mfuko pembeni. Kukata nguzo ni hasara. Basi hulikata kava upande mmoja kwa msumeno wa mashine, hulipanua, hulivisha na kulibandika kwa silikoni. Kwa wiki chache linapendeza. Ukipita baadaye na kutazama kwa karibu utaona mkato upande wa ukutani, na mara nyingi pale pale ndipo kutu inapoanzia, maana joto la mashine na cheche zake vimeharibu uso wa chuma.

Gredi zinazofanana kwa sura

Neno stenlesi limekuwa kama jina la bidhaa moja, ilhali ni ukoo mkubwa. Katika reli za ngazi ni gredi tatu zinazohusika. Ya kwanza ni 304, yenye kromiamu asilimia 18 hadi 20 na nikeli asilimia 8 hadi 10.5. Ya pili ni 201, ambayo nikeli yake imepunguzwa hadi asilimia 3.5 mpaka 5.5 na nafasi yake kujazwa kwa manganizi, na kromiamu yake ni asilimia 16 hadi 18. Ya tatu ni 316, iliyoongezwa molibdenamu asilimia 2 hadi 3 ili ihimili chumvi. Zote tatu zikisuguliwa hung'aa sawasawa. Hakuna jicho linaloweza kuzitenganisha dukani.

Kisa cha 201 ni cha bei ya nikeli. Gredi za manganizi zilipata nguvu miaka ya 1950, nikeli ilipokuwa adimu, na baadaye viwanda vya India na China vikazitengeneza kwa wingi kwa ajili ya masoko yanayotafuta unafuu. Nikeli yenyewe ni metali yenye vituko. Tarehe 8 Machi 2022 bei yake katika Soko la Metali la London ilivuka dola 100,000 kwa tani, wakati wiki mbili kabla ilikuwa karibu na dola 25,000, na soko likalazimika kusimamisha biashara hadi tarehe 16 mwezi huo. Bei ikipanda namna hiyo, kiwanda kinachopiga makava hakina haja ya kutangaza kwamba kimebadili malighafi. Kinabadili tu.

Tanzania nayo ina nikeli ardhini. Mradi wa Kabanga, wilayani Ngara mkoani Kagera, ulifungiwa makubaliano kati ya Serikali na mwekezaji mwezi Januari 2021, Serikali ikipata hisa asilimia 16 katika kampuni ya Tembo Nickel. Lakini kutoka mgodini hadi kwenye kava la ngazi kuna viwanda vingi katikati, na mnunuzi wa Kariakoo asitarajie unafuu kutoka huko.

Sumaku, ambayo wanunuzi wengi huibeba mfukoni wakijiona wajanja, haisaidii hapa. Ni kweli sumaku ikinata sana, hicho ni chuma cha kawaida kilichopakwa kromu au ni stenlesi ya ukoo mwingine usio na nikeli. Lakini 201 na 304 zote mbili kwa kawaida hazivuti sumaku, na zote zinaweza kuvuta kidogo pale zilipokunjwa au kupigwa kiwandani. Kava limepigwa kwa mashine ya kukandamiza, hivyo ukingo wake unaweza kunata hata kama ni 304 halisi. Muuzaji anayetoa sumaku kuthibitisha kwamba mali yake ni 304 hajathibitisha chochote. Kinachotenganisha ni kichupa cha dawa ya kupima manganizi, kinachouzwa pamoja na betri ya volti 9: tone moja kwenye chuma, betri huguswa, na rangi nyekundu ikitokea manganizi ni nyingi. Dawa hiyo si ghali, na duka lenye mali safi halipaswi kuikimbia.

Yapo pia makava ambayo si stenlesi kabisa. Mengine ni plastiki iliyopakwa kromu, mengine ni zinki iliyoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu. Plastiki hujulikana mkononi kwa wepesi na kwa kutokuwa na ubaridi. Ya rangi ya dhahabu yanayopendwa kwenye nyumba mpya mara nyingi ni stenlesi iliyopakwa utando mwembamba sana katika chumba cha hewa tupu; utando huo ni mgumu, lakini fundi akiuchomelea jirani au kuusugua kwa brashi ya waya, dhahabu hutoka na haiwezi kurudishwa kwenye eneo la kazi.

Kwa nini kutu huanzia mguuni

Wenye nyumba hulalamika kwamba reli yote inang'aa lakini chini, kuzunguka kava, kuna duara la kahawia linalorudi kila likifutwa. Wengi humlaumu muuza bomba. Sababu kwa kawaida ni tatu, nazo zinakutana mahali hapo hapo.

Stenlesi hailindwi na rangi wala mafuta. Inalindwa na utando mwembamba mno wa oksidi ya kromiamu, ambao ukikwaruzwa hujitengeneza upya wenyewe mradi tu kuna oksijeni. Chini ya kava, kwenye mwanya usiozidi unene wa karatasi, hewa ni haba. Maji ya deki yanaingia, yanakaa, na kama yana dawa ya kuulia vijidudu yenye klorini au chumvi ya upepo wa bahari, utando huliwa na haupati nafasi ya kujirudi. Nje bomba linakauka baada ya dakika tano, ndani ya kava unyevu unalala hadi kesho, na kesho deki inapigwa tena.

Sababu ya pili ni asidi ya kusafishia vigae. Fundi vigae akimaliza kazi hutaka kuondoa saruji iliyoganda juu ya vigae, naye hutumia asidi ya hidrokloriki, ambayo ni adui mkubwa wa stenlesi ya gredi yoyote. Ikiwa reli imekwisha fungwa, asidi hiyo huchuruzika chini ya makava na kubaki. Hata mvuke wake ukifungiwa ndani ya nyumba unaweza kutia madoa kwenye bomba. Katika majengo mengi ratiba ndiyo kosa: reli ingepaswa kufungwa baada ya vigae kusafishwa na kusuuzwa kwa maji mengi, lakini fundi reli anataka malipo yake, na mwenye nyumba anataka kupanda ghorofani salama.

Ya tatu ni bamba la chini. Nguzo ya stenlesi mara nyingi huchomelewa kwenye bamba la chuma cheusi cha kawaida, kwa kuwa ni rahisi na, kama mafundi wanavyosema, litafunikwa. Chuma cheusi kikigusana na stenlesi penye unyevu, ndicho kinacholiwa. Kava la 304 lililolala juu ya bamba jeusi litabaki zuri huku bamba likiwa unga, na ile kahawia inayotoka ukingoni si ya kava wala ya bomba. Mwenye nyumba hulibadili kava, akaweka jipya, na baada ya miezi michache duara linarudi.

Katika nyumba zilizo karibu na bahari, kuanzia Msasani hadi Mombasa na Unguja, gredi ya 201 nje ya nyumba ni pesa iliyotupwa, na hata 304 huhitaji kuoshwa kwa maji matamu mara kwa mara. Kwa ndani, mbali na upepo, 201 inaweza kukaa vizuri. Tatizo ni kuuziwa 201 kwa bei ya 304.

Tani moja kwenye bolti

Kutu ni hasara ya mfuko. Kuna jambo la pili chini ya kava ambalo ni la uhai.

Kanuni za Uingereza zinataka reli ya ngazi ndani ya nyumba ya familia moja ihimili msukumo wa kilonyutoni 0.36 kwa kila mita ya urefu, na ile ya ngazi za kuchangia katika majengo ya nyumba nyingi kilonyutoni 0.74. Hiyo ya pili ni sawa na kilo 75 hivi kwa mita, yaani mtu mzima akiegemea kwa uzito wake wote. Si nguvu kubwa ukiisikia. Lakini inasukuma juu, kwenye kimo cha sentimita 90, wakati bolti ziko chini. Nguzo ni wenzo. Kama bamba ni dogo na bolti inayovutwa iko sentimita 6 tu toka ukingo ambao bamba linaegemea, msukumo huo huzidishwa mara 15. Kilo 75 juu zinakuwa kilo 1,125 za kung'oa bolti chini. Zikiwa mbili upande huo zinagawana, kila moja zaidi ya nusu tani.

Sasa bolti hiyo imeshika nini? Juu ya zege la ngazi kuna tabaka la saruji ya kusawazisha, na juu yake kigae. Fundi mwenye haraka hutoboa sentimita nne au tano, na kina hicho kinaweza kuishia ndani ya saruji ya kusawazisha bila kugusa zege. Bolti hukazwa, hupanuka, huonekana imeshika. Kwa kweli imeshika biskuti. Wengine hutoboa karibu mno na ukingo wa kipandio, na bolti inapopanuka zege humeguka vipande upande wa nje. Vipande hivyo hurudishwa kwa saruji nyeupe na kava linawekwa juu. Wapo wanaoweka bolti mbili penye matundu manne. Wapo wanaochomelea bamba kwa nukta tatu badala ya kulizungusha lote.

Hakuna hata moja kati ya hayo linaloonekana baada ya kava kushuka. Na reli ikianza kucheza, jambo la kwanza linalofanywa ni kuongeza silikoni kuzunguka kava, ili lisigonge.

Kwa sababu hiyo wasimamizi wazoefu wa majengo wana utaratibu ambao mwenye nyumba yeyote anaweza kuuiga bila gharama. Makava yote huachwa yameinuliwa na kufungwa kwa utepe wa karatasi katikati ya nguzo mpaka kazi ikaguliwe. Msimamizi hupita nguzo moja moja, huhesabu bolti, hutazama kama mchomeleo umezunguka, kisha husimama na kuisukuma kila nguzo kwa kiganja kwenye kimo cha kiuno. Ndipo makava yanateremshwa, na ndipo sehemu ya mwisho ya malipo inatolewa. Fundi anayejua kazi yake hapingi utaratibu huu, kwani unamlinda pia: reli ikilegea baadaye kwa sababu nyingine, kuna aliyeshuhudia kwamba ilifungwa sawa. Ugomvi mwingi kati ya mafundi na matajiri wao kuhusu salio la mwisho ungekwisha hapo.

Muuzaji naye ana nafasi yake. Duka linalouza kava pekee linauza kifuniko. Linaloweka pamoja kava, bamba nene la gredi ile ile, bolti za stenlesi za urefu wa kutosha na skrubu yake, linauza mguu mzima. Faida kwa mteja mmoja ni kubwa zaidi, na lawama ni ndogo. Jambo la kuangalia ni hesabu ya forodha. Katika orodha ya kimataifa ya bidhaa, vifaa vya metali vya kufungia milango, madirisha na ngazi viko kifungu cha 83.02, na ngazi zimetajwa humo kwa jina. Mabomba yaliyochomelewa yako kifungu cha 73.06. Havitozwi kama kitu kimoja, na tangu tarehe 1 Julai 2022 ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki una kiwango cha juu cha asilimia 35 kinachogusa bidhaa kadhaa za chuma. Juu yake kuna kodi ya ongezeko la thamani, ambayo kwa kiwango cha kawaida ni asilimia 18 Tanzania Bara na 16 Kenya. Anayeagiza kontena la mchanganyiko bila kutenganisha orodha hulipishwa kwa kubahatisha, na mara chache bahati huwa yake.

Je, makava yanaweza kupigwa hapa nchini? Mashine ya kukandamiza na kalibu yake si teknolojia ya ajabu. Ugumu uko kwenye mabaki. Shiti moja ya stenlesi ya milimita 1,220 kwa 2,440 hutoa duara za milimita 105 zipatazo 253, safu 11 kwa 23. Ukiondoa matundu ya katikati na pembe zinazobaki, asilimia 56 tu ya shiti ndiyo iliyogeuka kava. Zaidi ya kilo sita kati ya kilo 14 za shiti ya unene wa 0.6 zimekuwa chakavu. Kiwanda kikubwa China huuza chakavu hicho kwa mwenye tanuri la jirani, au hupiga vifuniko vidogo kutoka kwenye zile duara za katikati. Karakana ya hapa inayonunua shiti kwa bei ya rejareja haiwezi kushindana, isipokuwa ipate vipande vinavyobaki kwa watengenezaji wa masinki, majiko ya hoteli na matangi, ambavyo ni vidogo mno kwa kazi yao lakini vinatosha kabisa kwa duara la sentimita kumi na nusu. Makava ya mraba hupunguza hasara, kwani hupangwa bega kwa bega bila kuacha pembe.

Kwa reli za chuma cheusi zenye maua, zinazopakwa rangi, njia ni rahisi zaidi. Kiatu cha alumini au chuma kilichomiminwa kwenye kalibu ya mchanga kinaweza kutengenezwa kwa chakavu na mafundi wanaomimina sufuria, na kina uzito unaoendana na chuma chenyewe. Kinahitaji tu kupakwa rangi ya kuzuia kutu ndani kama nje. Upande wa ndani ndio ambao hakuna anayeupaka.

Mwenye nyumba ambaye reli yake imekwisha fungwa hana haja ya kuvunja kitu ili kujua alicho nacho. Achague nguzo ya juu kabisa, ile ya kwenye ukumbi wa ghorofani ambako watu huegemea zaidi, alegeze skrubu ya kava au akate silikoni kwa wembe, kisha aliinue. Akikuta unga wa kahawia, bamba jeusi au tundu lisilo na bolti, atafute fundi kabla ya kutafuta kava jipya. Bolti ndefu zaidi inaweza kuingizwa kwenye tundu lile lile likitobolewa hadi ndani ya zege na kujazwa gundi ya kemikali ya kushikia bolti, bila kung'oa kigae. Akikuta pakavu na bolti nne, afute vumbi, apake silikoni mpya kuzunguka mguu wa bomba ili maji ya deki yasiingie, na kava lirudishwe chini.